Herufi Kubwa Kama Punje ya Mahindi

Chato, Jumapili

Shikamoo dada yangu, Mama Minza,

Kabla hujamwita Minza akusomee, subiri. Barua hii ina kurasa kumi na moja, na kila mstari una maneno manne tu. Sijaharibu karatasi. Kaa mlangoni penye mwanga uisome mwenyewe, taratibu, hakuna anayetukimbiza.

Goti la mama linaendeleaje? Mvua imeugusa mtama, au imepita tu juu ya Kishapu kama mgeni asiyeshuka? Mimi mzima, ila samaki nimewachoka. Natamani michembe, viazi vyetu vya kukausha.

Sasa sikia. Shuleni kwetu vimeletwa vishikwambi sita. Darasa langu la nne lina watoto tisini na nne. Piga hesabu, karibu watoto kumi na sita kwa kimoja. Aliyevileta hakuuliza tuko wangapi. Lakini unanijua, kitu kipya lazima nikipekue. Nikakuta ndani somo la kusoma: mtoto anasoma kwa sauti, mashine inasikiliza na kutoa maksi. Na herufi unaweza kuzikuza kwa vidole viwili!

Nikamfikiria Rehema. Huyu ni binti wa darasani kwangu, haoni vizuri. Ubao kwake ni ukungu mtupu, kama ulivyokuwa kwako. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaandika barua ya kumrudisha kwa baba yake, eti kichwa kizito, anawachelewesha wenzake. Dada, maneno yale yale. Nilikuona tena unarudi nyumbani ukiwa darasa la tatu, daftari kwapani. Mpaka leo sijawasamehe waliokurudisha.

Nikaomba wiki moja nimjaribu kwa kishikwambi. Mkuu akasema, "Asome maneno arobaini, apate thelathini. Akishindwa, Ijumaa barua inaondoka."

Nikazikuza herufi. Zilipofika ukubwa wa punje ya mahindi, Rehema akashusha pumzi, "Kumbe ziko hivi!" Mashine hutaka kwanza mtoto asome jina lake.

"Naitwa Lehema."

"Jaribu tena," ikasema mashine.

"Lehema!"

"Jaribu tena."

"We mashine, mwenye jina ni mimi!"

Darasa likaangua kicheko. Akaendelea na maneno yake arobaini, hakuruka hata moja. Mashine ikampa ishirini na nne.

Hapo nikashikwa na hamu ya kujua. Nikachukua penseli, nikayapitia makosa kumi na sita, moja moja. Yote yalikuwa kwenye maneno yenye r. Barabara kaisoma balabala, karanga kalanga. Nikaita wengine tisa wenye macho mazima, watoto wa Kisukuma kama sisi: hakuna aliyefika thelathini. Mtoto wa muuza duka, ambaye bibi yake alitoka Tanga, akapata thelathini na tisa. Nikasoma mimi, mwalimu mwenye cheti. Ishirini na tisa.

"Mwalimu kafeli!" wakashangilia.

Nikampelekea Mkuu karatasi yangu ya hesabu. "Mashine haina kabila," akasema.

"Basi soma wewe, Mkuu."

Naye ni Msukuma, wa Maswa. Akavaa miwani, akasafisha koo kama anayehutubia wazazi. Ishirini na saba. Akarudia. Ishirini na sita.

"Hii kitu haijui Kiswahili," akanung'unika.

"Inakijua, Mkuu, ila haijawahi kufika kwetu. Tena wewe una miwani, Rehema hana."

Akavua miwani. Kisha akaitoa barua ya baba Rehema, akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza unaoyumba. "Abaki," akasema. "Na asome kwako."

Lakini vishikwambi ni sita, na chaji haidumu. Nikanunua kalamu nene, nikamwandikia masomo yake kwenye makaratasi kwa kipimo kile kile. Anasoma. Kalamu ilipobaki na wino, nikakukumbuka wewe, uliyenifundisha herufi zote kwa kuzichora kwa kijiti kwenye vumbi la uwanja wetu, kubwa kubwa. Nilidhani unachezea vumbi.

Msalimie mama. Msalimie shemeji, na mjomba Ng'wandu anayechunga ng'ombe wetu. Minza mwambie leo nimempumzisha kazi ya ukarani.

Na wewe, kama umefika mstari huu kwa macho yako, basi waliosema kichwa chako kizito walikosea hesabu. Nijibu kwa mkono wako. Hata ukiandika "balua," nitaisoma.

Mdogo wako,
Masanja