Yaya, Niligandisha Dawa Yako

Yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa,

Tangu Jumanne hata chumvi naimwaga nje ya sufuria. Ni mimi mdogo wako unayemjua, yule wa makelele sokoni. Nakuandikia kwa sababu ni wewe niliyekukosea, na huwezi tena kunijibu.

Unakumbuka siku tuliyokwenda uwanja wa ndege wa Bangboka kupokea dawa? Kansa ya titi ilikuwa imekuchosha, lakini ulivaa kitenge chako cha sikukuu kana kwamba tunampokea bwana harusi. Ndege ya Kinshasa ilipotua ulinifinya mkono mpaka nikapiga kelele. Daktari alikuwa ametueleza kwamba hii ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, mfano wa wale askari ambao mwili hujitengenezea wenyewe, na kwamba hutafuta alama moja tu iliyo juu ya seli za kansa yako. Ikiiona, huishika seli hiyo na kuizuia isikue. Ukacheka: "Donc, iko polisi mwenye anajua sura ya mwizi!" Daktari naye alicheka.

Chupa ya kwanza ulitundikiwa dripu siku ileile. Baada ya wiki mbili uliniita chumbani, ukauweka mkono wangu kifuani pako. "Gusa, mdogo. Iko inapunguka." Kweli, uvimbe ulikuwa umelainika. Tulilia, tukaimba, ukaomba pondu, yale majani ya muhogo, na samaki, ukamaliza sahani nzima.

Chupa tano zilizobaki nilizibeba mimi. Umeme wa kliniki ulikuwa ukikatika kila siku, na daktari akasema zitunzwe penye baridi ya kudumu. Nani Kisangani anajua baridi kuliko sisi? Papa, baba yetu, alituachia friza na jenereta, pamoja na amri yake: samaki akitoka kwenye mitego ya wavuvi wa Wagenia lazima agande mpaka ukimgonga mezani alie kama ubao, la sivyo usimuuze. Basi nikazitoa chupa kwenye maboksi, maana yalikula nafasi, nikazipanga chini kabisa katikati ya samaki. Kila asubuhi nilitikisa moja. Maji yakikataa kusogea, niliridhika. Ulikuwa ukinitania kwamba dawa yako itanuka kambale.

Siku ya kutundikiwa nilikuwa naiyeyusha chupa viganjani njia nzima. Muuguzi aliuliza, "Ilikaa kwa baridi muzuri?" Nikajibu kwa majivuno, "Baridi mingi, mama. Usiogope." Akaniamini.

Uvimbe ulianza kukua tena, ukafika kwapani. Daktari alisema wakati mwingine kansa huishinda dawa. Mimi nilimkasirikia Mungu, nikagoma kwenda kanisani Jumapili tatu. Chupa ya mwisho ilipoisha, hukumaliza mwezi.

Mtoto wako Neema sasa amemaliza masomo ya famasia, Yaya. Ana kicheko chako na ubishi wako. Jumanne tulikuwa tunapara samaki, akaniuliza mimi, mama yake mdogo, dawa ya mama yake ilitunzwa wapi.

"Sababu gani unauliza?"

"Juu ile dawa hawaigandishake, mama leki. Ikiganda, imekufa. Hata ukiyeyusha, hairudie."

Kisu kilinianguka. Akaenda kuleta boksi moja la dawa yako aliloliokota utotoni, ambamo anaweka rozari yako. Ubavuni imeandikwa kwamba dawa isigandishwe, tena kwa Kifaransa, lugha ninayoisoma mbele ya waumini kanisani. Nililishika boksi lile mikononi mwangu na sikulisoma. Nilikuwa nawahi kupanga samaki!

Yaya, kwa mshtuko nikadanganya. Nilisema chupa zilikaa kliniki, mikononi mwa muuguzi.

Leo asubuhi Neema amerudi na karatasi za mashtaka. Anataka kumpeleka mahakamani yule muuguzi, mwanamke aliyekuosha uso siku ya mwisho wakati mimi nimeduwaa ukutani. "Aliua mama yangu," anasema. "Sitamuachilia."

Sijui kama ungepona. Neema mwenyewe, kwa elimu yake yote, anasema hakuna awezaye kujua. Lakini ile chupa ya kwanza, ambayo haikupita mikononi mwangu, ilikusaidia. Nafikiria hilo nikifagia, nikifika sokoni, nikimpimia mteja samaki. Nilikupenda kwa ujinga, nikajiona fundi wa baridi, na sasa mtu asiye na kosa atabebeshwa mzigo wangu.

Wewe sikuogopi. Wewe ungenitukana vizuri, kisha ungecheka, kisha tungelia. Ninayemwogopa ni huyu uliyeniachia akiwa bado ananyonya kidole. Nimemsuka nywele, nimemsomesha kwa samaki, ananiita mama. Akiniacha sina mwingine.

Nilijaribu kumwambia kwa mdomo, nikashindwa. Kwa hiyo kurasa mbili za kwanza za barua hii nimekwisha kumpa. Amekaa mlangoni anasoma, nami namalizia huu wa tatu. Kwaheri, Yaya. Ameacha kugeuza kurasa, na bado hajainua kichwa.

Mdogo wako, uliyemwachia mtoto