Mwali Aliyetoka Ndani ya Kiini

Jumatatu, 4 Agosti
Najiomba radhi mwenyewe. Tangu mtoto aanze kuota meno sijaandika hata mstari. Nimefua, nimetwanga, mtoto kalala mgongoni, naandika nimesimama. Mtihani wa biolojia ni Novemba. Rafiki yangu Zuhura anasoma tyusheni Kibiti, kaahidi kuninakilia kila mada na kunitumia kwa boti. Hapa Mbwera hakijafika kitu. Labda kanisahau.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimesoma kitabu changu kilichochanika. DNA haitoki kwenye kiini cha seli. Inayotoka ni nakala yake, mRNA. Nayo haitoki hivi hivi. Inakatwa vipande visivyotakiwa, inavishwa kofia mbele na mkia nyuma, halafu protini zinaisindikiza mpaka kwenye tundu la kiini. Kama mwali kabisa. Nami niliwekwa ndani, nikafundwa, nikatolewa nimegubikwa kanga, Bi Mwajuma kungwi wangu kanishika mkono. Nimecheka peke yangu.
Kurasa zinazofuata hazipo. Nje ya tundu kuna nini?

Jumapili, 10 Agosti
Nimemuuliza mwenye boti. Kashangaa. "Dada, bahasha za Zuhura naleta kila safari. Nampa kungwi wako. Kasema ndiye anayekupokelea."


Jumatatu, 11 Agosti
Nimemwendea Bi Mwajuma. Anapepeta mchele, wala hakukana.
"Nilikutoa ndani uolewe, mwanangu. Sikukutoa ukapotelee Kibiti."
Bahasha zote kawashia moto. Angekuwa mtu mwingine ningemtukana. Huyu ndiye aliyenifundisha kusema kweli.
Nikamwambia: "Shikamoo sitakunyima, Bi. Vitu vyangu usiguse tena."
Nimelia njia nzima. Mtoto ananivuta sikio, anadhani mchezo.

Jumamosi, 16 Agosti
Bahasha mpya ya Zuhura nimeipokea mwenyewe botini, maji magotini.
Nje ya tundu ni saitoplazimu, ute unaojaza seli. Hapo protini za kusindikiza zinavuliwa, zinarudi ndani kuchukua mwali mwingine. mRNA hairudi. Inakwenda kwenye ribosomu, inasomwa, protini inatengenezwa.
Jioni nimempelekea Bi Mwajuma uji, kiuno kinamsumbua. Sikukaa.
Nimwombe Zuhura anitumie: mchoro wa ribosomu, mkubwa. Maswali ya mada ya seli. Kalamu mbili. Dawa ya fizi za mtoto. Vyote vifike mkononi mwangu.