Hati za Maua Kando ya Mlango

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, mkono umeacha kuuma na usingizi umeanza kukurudia. Huku mama hajambo. Kila asubuhi huniuliza kama umekula, kana kwamba ninalala nawe chumba kimoja. Mimi nami ni mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma. Kabla hujaendelea, tafadhali mwingize ndani Mwiba, aliyekuletea barua hii, funga mlango kwa komeo, kisha usome upesi hadi mwisho.

Leo ni Siku ya Wapendanao, na duka langu la maua limejaa tangu alfajiri. Unaijua siku hii: wanaume ambao mwaka mzima hawajui mke amevaa nini wamepanga foleni na mashati mekundu, wakinusa mawaridi kwa mashaka kama wanunuzi wa samaki. Wanandoa wazee wamekuja wameshikana mikono, wakachagua ua moja, wakaondoka wakicheka. Fundi cherehani wa jirani alinunua mashada mawili yanayofanana, akataka kadi zote mbili ziseme “Ni wewe peke yako.” Mwiba alimwambia kwamba yeye ni wa kupeleka maua tu, hana bima ya mambo ya namna hiyo, na foleni nzima ikaangua kicheko. Nakusimulia haya kwa sababu nilikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyonipofusha.

Shada lako nililituma jana. Hii ni Siku ya Wapendanao ya kwanza tangu umkimbie mumeo, nami sikutaka ikukute mikono mitupu. Mwiba aliporudi alinikabidhi hati yenye sahihi yako ya kupokea. Duka letu lina utaratibu wake: hati zilizotiwa sahihi tunazibana kwa vibanio vya nguo kwenye waya kando ya mlango, ili aliyetuma maua aje ajionee kwamba yamefika, na yamefika wapi. Wateja wanaupenda waya ule kuliko hata mawaridi. Hati yako ilipaswa kukaa mfukoni mwangu. Asubuhi, kwa haraka, nilizibana zote kwa mkupuo mmoja, na yako ikiwemo.

Saa tatu mumeo akaingia. Amekonda, amenyoa vizuri, sauti imeshuka. Aliniita shemeji kwa adabu ile ile iliyotuponza sote alipokuja kukuchumbia. Alisema hajui uliko wala hataki kuambiwa. Anataka maua ayaweke mezani, akae nayo, asiwe mpweke kuliko wanaume wenzake. Kisha akauliza kama angalau u mzima. Mbele ya watu waliokwisha kumwonea huruma, nikamjibu kwamba unaendelea vizuri. Akatabasamu huku machozi yakimtiririka. Mama mmoja kwenye foleni alinihimiza nimchagulie yaliyo mazuri, maana mwanaume anayelia hadharani ni wa kutunzwa. Nikaenda chumba cha nyuma kumkatia mashina, nikamwacha amesimama kando ya mlango.

Nilipotoka alikuwa pale pale, mikono nyuma, mtulivu. Nilimuuliza kama Mwiba ampelekee maua nyumbani. Alikataa kwa upole, akasema safari hii atayabeba mwenyewe.

Saa nne na robo mwalimu mmoja alikuja kutazama hati yake, ndipo nilipoona kibanio kimoja kinaning'inia kitupu. Nimezipitia hati zote mara tatu. Iliyotoweka ni yako. Mtaa, namba ya nyumba, mlango wa kijani nyuma ya kiwanda cha sabuni: vyote nimeviandika mimi.

Nimempigia mwenye nyumba wako, simu haipokelewi. Basi la kuja huko limeondoka saa nne kamili, na Mwiba anaapa atalipita njiani. Ninaandika huku yeye akijaza mafuta kwenye pikipiki. Nikimaliza naenda polisi na cheti chako cha hospitali.

Lakini lililo baya zaidi bado sijalisema. Nimelizungusha kwa aibu. Tulikubaliana usimfungulie mtu yeyote, hata ukiijua sauti yake, mpaka apenyeze chini ya mlango karatasi yenye mwandiko wangu. Mumeo alisema mkono unamtetemeka, akaomba nimwandikie kadi. Alinitajia maneno aliyodai kukuambia kila jioni akirudi kazini, na foleni nzima ikaguna kwa mapenzi. Nikayaandika kwa herufi zangu nzuri kabisa: “Nimefika. Nifungulie.” Sijui kama anayajua makubaliano yetu. Labda anajua tu kwamba mimi unaniamini.

Ikiwa ni wewe unayesoma, simama sasa hivi, usifungashe chochote, panda pikipiki. Mwiba anajua pa kukupeleka, sitapaandika, nimejifunza. Ikiwa kadi imeitangulia barua, basi anayesoma mstari huu ni yeye, na kwake sina salamu.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, ameniagiza nikukumbushe kujifunika na baridi. Nisamehe, mdogo wangu, utakapoweza.

Ni mimi dada yako,
Muuza maua