Vitabu Vinne na Kikombe cha Maji

Jumatatu, 12 Novemba 1951
Garissa bado. Tana imefurika, pantoni haivushi mtu. Mhariri anataka ukurasa mzima wa vitabu vipya. Vinne viko sandukuni mwangu na sina kisingizio. Nimehamia hoteli ya Kaaha: chai ya maziwa ya ngamia, moshi, nzi. Hapa p hugeuka b. "Nibe chai!" "Bole!" "Bita huku!" Sikio limeshazoea.

Nimemaliza kile cha nyuki, cha mwalimu wa Tabora. Sikukitaka. Nyuki! Nimekisoma hadi mwisho bila kuinuka. Mtu huyu hasemi nyuki walikuwa wengi. Anasema walimfunika mkono mpaka kiwiko, naye akasubiri. Natamani vijana wetu wa gazetini wangeandika moto wa sokoni hivyo.

Jumanne, 13 Novemba
Mashairi ya bibi wa Siyu. Nilitazamia waridi na mwezi. Hakuna. Kuna jiwe la kusagia, wifi mchokozi, jino linalouma. La jino nimelirudia, nikashika shavu langu mwenyewe. Vina vinamfuata yeye, si yeye anayevifuata.

Riwaya ya karani wa Tanga — hapana. Machozi kila ukurasa, na mpaka leo sijui karani huyo anaandika nini ofisini.

Kaaha: "Hizi fitabu zote wewe nasoma? Macho haiumwi?" Nikamwambia ndiyo kazi yangu. "Kazi ya kukaa," akasema. "Hata ngamia naweza hiyo."

Jumatano, 14 Novemba
Cha nne ndicho! Koplo Mbondo, Mkamba, aliyepigana Burma. Hakuna shujaa hata mmoja. Ruba, buti zinazooza, adui asiyeonekana ila anasikika akikohoa.

Sura bora ni ya askari mmoja, Jelle wa Modogashe. Maji yamepungua, pipa linalindwa. Jelle anamwendea sajini mchana kweupe, kikombe mikononi. "Niibe maji?" Unasema nini wewe? "Niibe maji, afande." Rudia! Anarudia. Hatetemeki, hakani. Akafungwa, kisha akafukuzwa jeshini. Mbondo anasema hajaona tena mwizi wa kuomba ruhusa.

Nimecheka. Nikawasomea watu hotelini, wakacheka. Hared, dereva wa lori, alitaka nirudie ili akaisimulie Modogashe. Barabara ya huko haijakatika, ameondoka alasiri. Kaaha hakucheka. Aliingia jikoni.

Makala iko tayari. Inaanza na mwizi huyo.

Alhamisi, 15 Novemba
Chai imekuja bila sukari. Kaaha akasimama mbele yangu.

Jelle ni kaka yake. Mama mmoja, baba mmoja. Nyumbani alisema jeshi lilimrudisha kwa sababu ya homa, wakaamini. Na sasa wazee wa Modogashe wanachagua msimamizi wa zamu za kisimani: nani anyweshe mifugo kwanza, nani angoje. Walikuwa wamemtaka Jelle.

"Mwizi ya maji," alisema Kaaha, "watampa kisima?"

Nikasema kitabu kimeshachapwa, si kazi yangu.

"Kitabu ilikuwa Nairobi. Huku umeleta wewe."

Kweli.

Ijumaa, 16 Novemba
Baada ya swala hoteli ilijaa. Mzee Issack, muuza nyama, hata hakukaa: "Kaaha, mama, nibe maji! Koo imekuwa kama ngozi."

Nikaweka kikombe chini. Nibe maji.

Nipe! Jelle hakusema "niibe". Alikuwa anaomba. Kila sajini alipompigia kelele arudie, aliomba upya, kwa adabu, na "afande" juu yake.

Nimeifungua tena sura ile. Kila kitu kipo. Mbondo ameandika hata kwamba kikombe alikishika kwa mikono miwili, amekinyoosha. Mwizi gani hunyoosha kikombe? Jicho la koplo halikukosea. Ni sikio tu. Bado nakivulia kofia kitabu hiki. Mwandishi mvivu angeacha kikombe nje, nami nisingejua kitu.

Makala nimeichana. Nimemweleza Kaaha. Kwanza alicheka mpaka akashika meza. Kisha hakucheka tena. "Kwa sababu ya b?"

Nitaandika upya. Lakini kusahihisha ni kulitaja jina lake tena, na hilo anatakiwa akubali mwenyewe. Kaaha ametuma neno kwa lori la leo.

Jumamosi, 17 Novemba
Hakuna lori. Mto vilevile. Nimesoma tena shairi la jino.

Jumapili, 18 Novemba
Jelle amefika na Hared. Hakungoja neno la dada yake. Hadithi ya Hared ilitosha. Wazee wameahirisha uchaguzi na kumwambia alete maneno yenyewe. Hared amebaki kwenye lori lake, ghafla injini inamshughulisha sana.

Mrefu, vumbi mpaka kwenye kope. Alinipa salamu, mkono hakunipa. Akakaa.

"Nibe kitabu."

Nikampa, nimekifungua palepale. Nilitaka kueleza, Kaaha akanitazama. Ameweka maji mbele ya kaka yake. Hajayagusa.

Anasoma polepole, kidole chini ya mstari, kwa sauti. Mzee Issack amesimama mlangoni na wengine nyuma yake. Pipa. Sajini. Kikombe. Anafika pale, na kwa kinywa chake inatoka: "Nibe maji." Hasiti. "Nibe maji, afande." Anaendelea hadi chini ya ukurasa, anarudi juu, anatafuta.

Ameinua uso.

"Bwana Mwandishi, hii ni mimi, ni kweli, niliomba. Kila neno ni kweli. Sasa nionyeshe — wizi iko wabi?"