Chumba cha Mama Pasi

9 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Goti linasemaje? Bado linavimba ukisimama sana? Mimi mzima. Kikohozi nimekiacha huko huko pamoja na wadeni wangu.

Nimefika nchi ya watu, nimepanga, na nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye baraza ya ghorofa ya pili. Vyumba viwili, wifi! Jiko langu, choo cha ndani, maji hayakatiki. Kodi ni robo ya ile niliyokuwa nikilipia karakana peke yake. Nilipotajiwa bei niliuliza tena, nikidhani sikusikia vizuri. Mwenye nyumba akadhani naona ghali, akapunguza.

Unajua nilikotoka. Nimeshona makochi miaka thelathini na moja kwa mikono hii, bila mume, bila mkopo, bila mjomba ofisini. Kila aliyechukua kochi aliniita dada ili asimalizie malipo. Na kila nikizoea mtaa, anatokea mtu na gari jipya, anampa mwenye nyumba bei ya kichaa, mimi nasogezwa mtaa wa nyuma. Nimesogezwa mara nne. Safari hii nimejisogeza mwenyewe. Akiba ambayo huko ingenilisha miaka sita, huku itanilisha ishirini. Piga hesabu.

Kushoto kwangu anakaa mchuuzi mmoja asiyeonekana mara nyingi. Kulia anakaa mama mpiga pasi. Watu wanamletea nguo kwa mafurushi, ananyoosha kutwa, dirisha wazi. Namwita Mama Pasi, yeye ananiita dada kwa lugha yao. Ndiye mwalimu wangu: anainua kola, anataja, anainua mkono wa shati, anataja. Juzi nilimsalimia mwenye nyumba kwa jina la soksi. Mama Pasi alicheka hadi akaunguza kitambaa cha mteja.

Tangu kaka yangu akuache mjane, mimi na wewe ndio tumebakiana. Hiyo pensheni yako ya ukunga huko ni ya kununulia dawa ya goti tu. Huku ungekuwa mheshimiwa. Njoo.

Wifi yako, fundi

2 Machi

Wifi mchokozi,

Sijambo, na goti linakusalimu. Barua yako nimeisoma kwenye foleni ya pensheni, nikacheka peke yangu, watu wakasogea mbali. Walidhani pensheni imenitoa akili.

Mwenye nyumba wangu ameongeza kodi tena. Nilimkumbusha kuwa mimi ndiye niliyemzalisha mkewe, mapacha, wa pili akitanguliza miguu. Akasema anashukuru sana, nilipe kabla ya tarehe tano.

Basi nitafutie chumba. Lakini kiwe karibu nawe, nisikie hata ukikohoa. Sitaki kufa ugenini nikagunduliwa na harufu.

Nieleze na kitu kimoja, maana mimi si mtu wa hesabu. Hiyo kodi unayoiona ya bure, huyo Mama Pasi naye anaionaje?

Wifi yako, mkunga

28 Machi

Wifi mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta ukitembea bila fimbo. Kimepatikana! Ukuta kwa ukuta nami, kama ulivyotaka.

Mwenye nyumba alianza kwa kukataa, eti pamejaa. Mimi si mtoto wa jana. Nikamwambia kila kitu kina bei, taja yako. Akakuna kidevu. Nikataja mimi: kodi ya kawaida na nusu yake juu, miezi sita kwa mkupuo, pesa mkononi. Akameza mate. "Mwisho wa mwezi kitakuwepo," akasema. Nadhani ni cha yule mchuuzi. Hata halali kwake.

Usishtuke na hiyo nusu. Ukiijumlisha bado iko chini ya unacholipa huko kwa chumba kisicho na hewa. Uza kitanda, kata tiketi. Nimemweleza Mama Pasi kuwa unakuja, anasema gauni lako la kwanza atalinyoosha bure. Lile swali lako tutaliongea ukifika.

Wifi yako, fundi

19 Aprili

Wifi,

Habari za huko? Mimi nipo.

Usikate tiketi kwanza. Chumba kinapakwa rangi. Rangi yenyewe haikauki, hali ya hewa ni ya unyevu. Fundi rangi naye ni mvivu, na rangi ya kwanza ilikosewa.

Nitakuandikia.

Fundi

8 Mei

Wifi,

Nakusalimu, na natumaini una uzima wa mwili, maana wa roho naona huna.

Kitanda nilishauza. Nalala kwenye mkeka, na goti limeninunia. Mwenye nyumba nimeshampa taarifa kuwa natoka, naye keshaonyesha watu. Kisha unaniletea habari za rangi. Umeandika rangi mara nne katika barua ya mistari mitano! Wewe, uliyekuwa ukimfukuza fundi rangi karakanani akichelewa robo saa.

Nimekaa na wanawake wenye uchungu maisha yangu yote. Mtu akianza kuniongelesha habari za mapazia, najua mtoto amekaa vibaya. Sema.

Mkunga

21 Mei

Wifi,

Sikuulizi hali, sina uso wa kukuulizia.

Hakuna rangi. Chumba nilichokulipia ni cha Mama Pasi.

Siku ya mwisho ya Machi nilisikia vitu vinaburutwa. Nikatoka, nikamkuta mlangoni anahangaika na meza yake ya kupigia pasi. Nikashika upande mmoja. Tulishuka nayo ngazi, mimi kinyumenyume, yeye akinielekeza taratibu nisije nikaanguka. Tulipofika chini akaketi juu ya furushi la nguo za watu, akaniambia amekaa pale miaka kumi na moja na hajawahi kupitisha tarehe. Sasa mwenye nyumba amepata mtu wa kutoa na nusu juu. Kampa siku tatu.

"Ni nani huyo, dada? Wewe unamjua?"

Nikasema, "Simjui."

Nilisema kwa lugha yao, tena kwa matamshi safi, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha.

Akanipiga begani. "Hata yeye hanijui," akasema. "Angenijua asingefanya."

Wifi, mimi ninayeuliza bei ya sindano katika maduka matatu, sikuuliza chumba kile ni cha nani. Nilijiambia ni cha mchuuzi, kana kwamba mchuuzi si mtu.

Siku ile ile nilikwenda kwa mwenye nyumba. Nikamwambia abaki na pesa zote, ila mama arudi. Alicheka kwa upole. "Miaka yote hii sikujua vyumba vyangu vina thamani hiyo," akasema. "Wewe ndiye uliyenifumbua macho." Amepandisha kodi ya nyumba nzima. Mchuuzi kahama. Wa chini, mwenye kichanga, amepewa mwezi mmoja. Wanaponikuta ngazini wananisalimia vizuri. Hawajui.

Unamkumbuka yule mtu wa gari jipya niliyekuwa nikimlaani? Ndiye mimi. Nimekosa gari tu.

Nilikuandikia rangi nikitumaini utakuja usijue.

Fundi

10 Juni

Wifi,

Mimi ni mzima. Nakuuliza hali yako hata kama hukuniuliza yangu. Unakula?

Nimesoma nikaona aibu kama niliyelipa ni mimi. Na nimo, maana ni mimi niliyetaka kusikia unakohoa. Tulifundishwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumekwenda, mwenyeji amefunga virago.

Siji. Chumba changu cha huku kimeshachukuliwa, na aliyekichukua ameongeza dau, usicheke. Nimepata banda nyuma ya duka la mbao. Choo tunachangia watu tisa. Nitaishi.

Lakini usinililie mimi. Hukuniambia mimi "simjui", ulimwambia yeye. Katika kazi yangu, mama akificha kwamba anavuja damu kwa kuona haya, tunamzika na haya zake. Katafute anakoishi, umwambie. Na kwa kuwa chumba kimelipiwa mpaka Septemba na kilikuwa changu, mimi nakitoa. Arudi akae yeye.

Wifi yako, mkunga

2 Oktoba

Wifi yangu,

Salamu zangu zikufikie hapo nyuma ya mbao. Natumaini vumbi halijakuingia kifuani. Nimenyamaza muda mrefu, na wala si kwa kukosa stempu.

Nilimpata Mama Pasi mwezi wa saba, mbali, lami inapoishia, kwenye chumba nusu ya kile. Wateja wake wa zamani hawafiki huko. Nikasimama mlangoni, nikamweleza yote: kwamba ni mimi, kwamba nilimdanganya, kwamba chumba kipo wazi mpaka mwisho wa Septemba, bure.

Hakuweka pasi chini. Alimaliza mkono mmoja wa shati, akaligeuza, akaanza wa pili.

"Septemba," akasema. "Halafu?"

Unanijua mimi na hesabu, wifi. Ya Oktoba sikuipiga.

"Yaani nihame mara mbili, ili wewe ulale?"

Kisha akaniuliza kama nimeleta nguo. Hakuniita dada. Aliniita mteja. Nikasema sijaleta.

"Basi pisha mlango, unaniziba mwanga."

Nyumbani nilifunga sanduku, nikalifungua, nikalifunga tena. Nikiondoka, atakayeingia kwangu atalipa zaidi, na mwenye nyumba atashangilia. Nikibaki, ndiyo hivi. Hesabu hii kila nikiipiga inatoka hasara, na hasara yenyewe si yangu.

Jana mwenye nyumba alipanda ngazi na mtu. Mgeni kama mimi, anayeokoteza maneno ya lugha yao moja moja. Alimwonyesha dirisha la Mama Pasi, jiko, baraza. Akamtajia bei, ile yangu na nyongeza. Yule mtu hakuomba apunguziwe hata senti.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wangu, mkono kwenye kitasa. Nilingoja aulize nani alikuwa akikaa humo.

Hakuuliza. Nami sikufungua.

Wifi yako, fundi