Kwa Nini Baba Alitaka Kuiona Lushoto

Jumapili, jioni. Kihonda.

Wingu limeifunika milima ya Uluguru tangu asubuhi, na mvua yenyewe haiji. Nimerudi jana kutoka kaskazini. Begi bado liko mlangoni, sijalifungua. Mwili umechoka, ila kinachoninyima raha si uchovu.

Nianze na Baba.

Baba yangu hajawahi kuwa mtu wa matembezi. Alizaliwa Mlali, akamuoa Mama, akahamia kwao Kinole, na huko juu amelima mdalasini na ndizi mpaka nywele zikawa nyeupe. Hata mjini hushuka kwa shida. Halafu mwezi uliopita ananipigia simu: "Zai, chukua likizo. Twende tukaone Tanga, Pangani, tufike mpaka Lushoto. Watu wanasema kuzuri."

Watu gani? Baba hana watu wa kumwambia kuzuri.

Nilikubali, lakini nilikwenda kama mpelelezi. Mama alifariki mwaka juzi. Mgane anayenunua shati jipya na kutaka kuona dunia, nani asingejiuliza?

Tanga nimeipenda. Nilipiga picha majengo ya Wajerumani, yale yenye kuta nene na madirisha ya matao, huku Baba amesimama nyuma yangu anatazama simu. Pangani tulipita mitaa ya zamani, milango ya kuchongwa, nyumba zilizobaki kuta tu na mizizi imezishikilia. Nikawa namsimulia habari za misafara ya watumwa iliyoishia pale, anaitikia "ehee" bila kusikia. Simu yake ikaita, akasogea pembeni. Nikajifanya nafunga kiatu.

"Ndiyo, tuko Pangani," alisema kwa sauti ya chini. "Keshokutwa tupo kwako. Hapana, hajui bado."

Hajui bado.

Tulipofika gesti nilipekua begi lake. Ndiyo, begi la baba yangu mzazi. Nikakuta kitenge kipya kimekunjwa vizuri, na mfuko wa mdalasini. Basi nikaanza kumpa huyo mwanamke sura, jina, hata watoto. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto inapita kwenye kingo za majabali, mto unaunguruma chini, abiria wote wametoa simu wanarekodi. Mimi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mama wa kambo.

Stendi tulipokelewa na mzee mmoja mcheshi, Mzee Athumani, aliyefanya kazi na Baba kwenye mashamba ya mkonge enzi za ujana wao. Tulipofika kwake, mkewe akapewa kile kitenge. Nilisubiri mwanamke mwingine atokee mpaka nikaona aibu.

Siku iliyofuata wakanipeleka Irente, kwenye ukingo wa jabali. Unasimama pale, ardhi inaisha ghafla, na chini kabisa nyika ya Mazinde inaenea mpaka macho yanashindwa. Nikageuka kumwita Baba tupige picha. Alikuwa amechuchumaa kwenye shamba la kando ya njia, anasugua udongo viganjani, anamuuliza mwenzake kama mdalasini utavumilia baridi ya huku.

Nikamfuata. "Baba, unahamia huku?"

Hakushtuka. "Athumani ana chumba na kipande cha kulima. Nimekuleta upajue. Siku ukinitafuta usihangaike."

"Na Kinole?"

"Kinole ni kwenu, mwanangu. Si kwangu."

Kwetu Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama. Lile shamba lilikuwa la Mama, na baada yake ni mimi. Baba akaniambia, bila hasira yoyote, kwamba baada ya arobaini aliniona na mjomba Mkude, kaka yake Mama, tunalizunguka shamba, mjomba ananyoosha kidole huku na kule. Akajua tunapima mipaka. Tangu siku hiyo anasubiri mmoja wetu aje amwambie aondoke. Akaona bora aondoke mwenyewe, asitutie aibu.

Muda wote huo! Nampelekea sukari, ananichemshia chai, na moyoni ananiona mtu wa kumfukuza.

"Mjomba alikuwa ananionyesha miti aliyopanda Mama," nilimwambia. "Wallahi Baba, miti tu."

Akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Mama yako hakupanda miti," akasema. "Nilipanda mimi."

Safari ya kurudi tulikaa siti moja. Hakusema anahama, hakusema anabaki. Stendi ya Msamvu tukashuka, yeye akaunganisha gari la Kinole.

Leo mchana mjomba Mkude amepiga simu. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka, hata habari za safari hakuuliza. "Mzee amesemaje? Anaondoka lini?"

Mimi sijamwambia mtu yeyote kwamba Baba anafikiria kuhama. Na Baba si wa kumwambia mjomba. Kumbe mjomba mwenyewe alikuwa anasubiri aondoke, tena kwa hamu. Nikamjibu mtandao unasumbua, nikakata.

Kesho napanda Kinole. Nitamwita mjomba aje palepale shambani, aniambie mbele ya Baba alikuwa ananionyesha nini siku ile. Kama kweli shamba ni langu, basi wa kukaa pale nachagua mimi, na nimeshachagua.

Ila Baba ataniamini?