Kifungu cha Kumi na Mbili na Kihamba cha Mwika

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umeufunika mlima kwa siku ya nne na manyunyu hayakatiki. Nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Tangu mwezi uliopita nimekuwa nikiandika mikataba ya mameneja. Kampuni yetu inanunua kahawa kwa wakulima wa milimani. Msimu uliopita meneja wa kituo kimoja aliacha kazi Ijumaa, Jumatatu akaonekana kwa washindani wetu, na wakulima wake karibu wote wakamfuata. Mkurugenzi, mama asiyejua kusema kwa sauti ya chini, akaniita. "Mwanasheria, safari hii niandikie kitu kinachouma. Mtu akiondoka, aondoke mikono mitupu."

Nikaandika. Kifungu cha kumi na mbili: meneja akiacha au kuachishwa kazi, kwa miaka miwili asijihusishe kwa namna yoyote na kununua, kuuza wala kusindika kahawa mkoani Kilimanjaro. Nilijisifu moyoni. Niliona hakina tundu hata moja.

Jana Baba Elinami, meneja wa kituo chetu cha Mwika, alishuka kuja kusaini. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani na kusoma kila ukurasa huku chai yake ikipoa. Kisha akaweka kidole kwenye kifungu changu.

"Mwanangu, na kihamba changu nikipeleke wapi?"

Sikumwelewa.

"Shamba la nyumbani. Baba yangu ameniachia kahawa pale. Mkinifukuza, nisiuze miaka miwili? Niinywe yote mwenyewe?" Akanitazama juu ya miwani. "Kwani wewe kwenu wapi?"

"Kilema."

"Na huko Kilema siku hizi mnalima nini, mchicha?"

Akacheka. Nami nikacheka, kisha nikakisoma upya kifungu changu.

Kwetu tunalima kahawa. Ada yangu ya shule ilianikwa juani kwenye vichanja, nami niliigeuza kwa mikono hii. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta, niliandika kana kwamba hakuna mtu mlimani mwenye shamba.

Hakusaini. Atarudi Jumatatu.

Leo nimekiandika upya. Miezi sita tu. Asiwachukue wakulima walio kwenye daftari la kituo chake, asitoe siri zetu za bei. Kahawa ya shamba lake na ya familia yake haiguswi. Naamini hiki kinailinda kampuni kuliko kile cha kwanza. Kile, kwa upana wake, mwamuzi wa migogoro ya kazi angeweza kukitupa chote, na wa kubaki mikono mitupu tungekuwa sisi.

Mkurugenzi ataona nimelegea. Hilo naliweza.

Kinachonielemea ni kingine. Mwezi uliopita mameneja wawili walisaini kifungu kile kile. Mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili akinishukuru. Nao wana vihamba vyao. Niliwapa kalamu, sikuwapa muda wa kusoma.

Hakuna aliyegundua. Mikataba yao iko kabatini, na ufunguo ninao mimi.

Ningeweza kunyamaza.

Jumatatu asubuhi, kabla Baba Elinami hajafika, nitaitoa yote miwili na kumwekea mkurugenzi mezani, juu ya rasimu mpya. Nitaanza na kosa langu, ndipo nimwombe tuwaite wale wawili wasaini upya. Atapaza sauti hadi wa barabarani wasikie.

Akiamua kunifukuza, angalau mimi nitaruhusiwa kuuza kahawa ya kwetu.